Nakahodo Hana Wimbo

Moji, 19 Mei 1983

Kaka Tsuneo,

Shikamoo. Mvua zimewahi mwaka huu na ukuta wa jikoni unatoka jasho. Sisi wazima. Mume wangu Eiji bado anavuta meli pale bandarini, mgongo wake unalalamika kuliko yeye mwenyewe. Binti yetu Fumi mimba yake imefika miezi mitano. Anataka tambi zangu asubuhi, mchana na jioni, na mkwe wetu anadhani anasema hivyo kunisifu. Goti la wifi Kiyo linaendeleaje? Watu wa hapa wanawaulizia. Hata mama yake Isomura, wa duka la mchele, mwishoni mwa Aprili aliniuliza kama ni kweli huko kaskazini watu huvaa makoti hadi mwezi wa tano. Nikamwambia sijui, kaka yangu halalamikii kitu.

Najua umeshasoma gazetini. Wamemwuza Isomura, mdakaji wa Nyigu, timu yetu ya besiboli. Miaka kumi na sita amechuchumaa nyuma ya mpigaji, amedaka mipira ya kila mrushaji Nyigu waliyewahi kuwa naye, wazuri wachache na wabovu wote. Halafu Jumanne mchana kocha Todoroki anampeleka kwa Dubu wa Sapporo, na sisi tunapewa mrushaji ambaye hata jina lake msomaji wa redio alilikosea. Mdakaji wetu sasa ni mtoto wa Okinawa, Nakahodo, miaka ishirini na moja, anayezungusha rungu kama anafukuza nzi.

Jana kabla ya mchezo Todoroki alikuja hadi chini ya jukwaa letu. Akavua kofia, akainama mpaka kiunoni, akasema, "Uamuzi ni wangu. Kosa ni langu." Amekiri kwa kinywa chake, kaka! Hirakawa, yule fundi wa mikeka anayeongoza kikosi chetu cha kushangilia, akamjibu, "Kama kosa ni lako, mlango ni ule!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilishika tarumbeta nikapiga wimbo wa Isomura mwanzo hadi mwisho, ingawa mwenyewe hayupo. Niliutunga mimi wimbo ule, unakumbuka, kwenye ngazi za mkahawa wangu wa tambi.

Nakahodo hana wimbo. Kwa desturi mchezaji mpya hupigiwa ngoma tupu mpaka apate wa kwake, lakini huyu, Hirakawa amemnyima hata ngoma.

Wewe mwandishi wa michezo umekaa na makocha maisha yako yote. Niambie, Todoroki anaondolewaje?

Sumie


Hakodate, 3 Juni 1983

Sumie,

Marahaba. Goti la Kiyo limekubali ngazi, kilima bado. Maua ya cheri yalichelewa, yakafunguka, upepo ukayamaliza kabla hatujatandika mkeka. Mwambie Fumi ale anachotaka. Mwambie mkwe aoshe bakuli.

Isomura. Mwaka jana wakimbiaji wa wapinzani walichomoka kabla mpira haujapigwa na kuiba kituo cha pili walivyotaka. Mpira wake wa kuwazuia ulikuwa ukifika huko umechoka, umedunda njiani. Mdakaji asiyefikisha mpira kituo cha pili ni mlango usio na komeo. Ulikuwa ukiliona hilo, ila mdomo ulikuwa kwenye tarumbeta. Nakahodo hapigi, ni kweli. Lakini nimemwona kwenye televisheni akimnasa mkimbiaji huku bado yuko magotini. Mkono ule haufundishwi.

Timu iko mkiani kwa sababu nusu ya warushaji wake wanauguza viwiko na mwenye timu hataki kununua wengine. Kocha yeyote angeikuta hali hiyo.

Makocha huondolewa na wenye timu. Mashabiki huwapa wenye timu kisingizio.

Nina swali moja. Nani alikwambia kwamba aliyemwuza Isomura ni Todoroki? Usimwulize Hirakawa. Nakuuliza wewe.

Tsuneo


Moji, 16 Juni 1983

Kaka,

Shikamoo. Tuko salama, ila sebule inanuka ukungu na Fumi amevimba miguu. Eiji anasema nisikuchoshe na besiboli. Yeye akiuona uwanja anauliza meli iko wapi.

Nani aliniambia? Todoroki aliniambia! Alisimama hatua chache kutoka kwangu akainama. Unataka aandike kwa wino?

Jumapili tulifungwa tena. Nakahodo aliposhika rungu, jukwaa zima lilikaa kimya. Hujawahi kusikia kimya cha namna hiyo, kaka, huko juu kwenye chumba chenu cha waandishi mlikuwa na mashine zenu. Sisi tulisikia viatu vyake vikikwaruza udongo. Kisha wakaanza.

"We mtoto! Rungu hilo la kupigia mpira, si la kujikunia mgongo!"

"Mwacheni, anasubiri wimbo!"

"Wimbo? Mpe tangazo la mazishi!"

"Rudi kwenu ukachume mananasi!"

Akakosa mpira wa tatu, akatoka. Alipopita chini yetu alikuwa anatazama kamba za viatu vyake. Nililamba mdomo wa tarumbeta, mazoea tu, na Hirakawa akaniona. "Dada Sumie," akasema, "usijaribu." Hasemi kwa ubaya. Mwaka ule Eiji alipovunjika mguu alikuja kutandika mikeka mipya nyumbani kwetu na hakuchukua hata chai. Ndiyo maana siwezi kumpuuza.

Nimesikia Dubu watakuja kucheza Hakodate mwezi wa saba. Nenda kamwone Isomura. Mwambie Moji haijamsahau. Kisha uniandikie alivyoumia, niwasomee kikosini.

Sumie


Hakodate, 24 Julai 1983

Sumie,

Nimechelewa. Sababu ninayo, haiandikiki.

Kiyo mzima. Ngisi wameingia kwa wingi, taa za mashua zinatuangazia hadi chumbani. Pole kwa miguu ya Fumi. Aipandishe juu ya mto anapolala.

Nilikwenda uwanjani. Ni mara yangu ya kwanza kununua tiketi tangu nilipokuwa mwanafunzi, na viti vya kulipia ni vigumu kuliko nilivyodhani. Isomura hakuanza. Aliingizwa kupiga mchezo ukielekea mwisho, akapiga mpira wa juu, ukadakwa. Alipigiwa ngoma tupu, wimbo wake uko kwenu. Muda mwingine wote alikaa na wadakaji wadogo, akiwaonyesha kwa vidole wapi pa kuweka mguu.

Baadaye nilikula naye. Alikunywa bia, mimi chai, daktari ana maoni yake. Alikuulizia. Alizungumza zaidi kuliko nilivyowahi kumsikia akizungumza, na kabla ya kuanza alisema si ya kuandika. Nilikubali. Unajua maana yake kwangu.

Kwa hiyo huna cha kuwasomea kikosini.

Swali langu la Juni hujalijibu.

Tsuneo


Moji, 10 Agosti 1983

Kaka Tsuneo,

Joto limetuua. Mimi mzima, wote wazima. Salamu zimekwisha.

Mimi si gazeti. Mimi ni dada yako. Unakaa na Isomura, mnakula ngisi, anakufungulia moyo, halafu unaniandikia kuhusu viti! Hirakawa aliniuliza mbele ya wateja, "Kaka yako kasemaje?" Nikasema hajambo. Mkahawa mzima ukaguna.

Basi sikiliza yetu. Mwenye timu amesema kwenye gazeti la hapa kwamba atasubiri michezo mitatu ya mwisho ya nyumbani, mwisho wa Septemba. "Kocha aliyekataliwa na mashabiki wake, mimi ni nani nimbakize," ndivyo alivyosema. Kwa hiyo kikosi kimekutana juu ya karakana ya Hirakawa na tumeamua. Michezo yote mitatu hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hakuna kupiga makofi. Nyigu wakishika rungu tunaupa uwanja mgongo. Zikionekana migongo elfu mbili kwenye televisheni, Todoroki amekwenda.

Mzee mmoja alisema kwamba mtu wa umri wa Todoroki akifukuzwa kwa aibu hiyo hakuna timu itakayomwajiri tena, na mkewe ni mgonjwa. Hirakawa akajibu, "Isomura naye hakuwa na umri?" Tulipopiga kura niliinua mkono.

Niliinua mkono, kaka, na tangu siku ile nalala vibaya. Nasema ni joto.

Nakahodo bado anachezeshwa kila siku. Sijui huyo kocha ni jeuri au kipofu.

Sumie


Hakodate, 26 Agosti 1983

Sumie,

Hapa usiku tumeshaanza kufunga madirisha. Kiyo amekutumia mwani mkavu, utafika baada ya barua hii.

Ni kweli wewe si gazeti. Gazeti lingeniuliza mara mbili likaacha.

Nitasema jambo moja ambalo si siri ya mtu. Nimewaona makocha wengi wakiinama. Huinama timu ikifungwa, mvua ikiharibu mchezo, mrushaji akikamatwa amelewa. Maneno "kosa ni langu" niliyapeleka mtamboni mara nyingi mpaka mpanga herufi wetu akaacha kuyavunja baada ya kuchapa. Aliyahifadhi katika herufi za chuma zilizofungwa kwa uzi kwenye droo, akayatoa kila yalipohitajika. Maneno hayo hayakuwahi kunijulisha nani alifanya nini. Yalinijulisha nani atalipa.

Mlimwona mtu akifanya kazi yake mkadhani anaungama.

Zaidi ya hapo siwezi. Nimeahidi. Nilipokuwa kazini sikuvunja ahadi ya namna hiyo kwa mhariri, wala kwa polisi mara ile moja, na sitaanza kwa ndugu. Lakini wewe una macho, na una kaunta. Yanayosemwa kwenye kaunta ya tambi hayafiki chumba cha habari.

Fumi amekaribia. Niandikie.

Tsuneo


Moji, 5 Septemba 1983

Kaka,

Shikamoo. Fumi bado. Mkunga anasema wiki mbili. Mwani umefika, Eiji ameula kama biskuti.

Nimeisoma barua yako stoo, karibu na magunia ya unga, ili wateja wasiione sura yangu. Nimekaa nayo siku kadhaa. Sasa nitaandika mimi, na wewe hutavunja ahadi yoyote. Ulipokuwa ukinisahihisha imla utotoni hukuwa na huruma na kosa hata dogo. Nisahihishe hivyo hivyo. Nikikosea, weka alama. Nisipokosea, nyamaza.

Mwishoni mwa Aprili mama yake Isomura alikula bakuli langu la tambi akaniuliza kuhusu makoti ya kaskazini. Isomura aliuzwa katikati ya Mei. Mama alijuaje?

Wiki iliyopita nilikwenda dukani kwao kununua mchele. Nikamwambia, "Mama, mwanao alipata taabu kupata nguo nzito kwa haraka vile." Akasema, "Aa, nilishamnunulia mapema." Kisha akakumbuka anaongea na nani, akanipimia mchele mwingi kuliko niliolipia.

Kwa hiyo naona hivi. Isomura ana miaka thelathini na saba na bega lake limekwisha. Aliomba mwenyewe kuondoka. Sapporo walimwahidi kitu, nadhani kuwafundisha wadakaji atakapoacha kucheza, maana uliandika alivyokuwa akiwaonyesha kwa vidole. Lakini juu ya duka la wazazi wake kuna kibao chenye jina lake, na nusu ya Moji hununua mchele pale kwa sababu ya kibao hicho. Mtu wa Moji aliyeomba kutuacha tukiwa mkiani angeng'olewa kibao usiku uleule. Akamwomba Todoroki abebe lawama. Todoroki akaja chini ya jukwaa letu akaibeba.

Kama ni hivyo, tarehe ishirini na sita, mchezo wa kwanza, nitampa mgongo mtu kwa wema wake.

Nasubiri.

Sumie


Hakodate, 12 Septemba 1983 (kadi ya posta)

Sumie,

Isomura ana miaka thelathini na nane.

Ngisi wanakwisha. Kiyo anakusalimu.

Tsuneo


Moji, 3 Oktoba 1983

Kaka Tsuneo,

Shikamoo. Fumi amejifungua msichana tarehe kumi na tisa. Ana nywele nyingi na sauti ya kuuza samaki. Wamemwita Haruyo, jina la mama yetu, na sikuwaomba. Eiji amemwonyesha meli tayari.

Nilipata kadi yako nikacheka peke yangu, kisha nikakaa chini.

Sikuweza kumwambia Hirakawa. Nimelifikiria kila upande. Ningemwambia, angeuliza nani kaniambia, na jibu ni wewe hata kama hukusema. Na kibao cha duka la mchele kingeshuka, na yule mama hajamkosea mtu isipokuwa kumnunulia mwanawe koti. Nilijaribu njia nyingine. Nilisema, "Bwana Hirakawa, labda hatuijui habari yote." Akasema, "Dada Sumie, mimi najua kufungwa. Tumefungwa."

Mchezo wa kwanza nilinyamaza. Nakuambia ili usinifikirie vizuri kupita kiasi. Niligeuka na wengine nikautazama ubao wa matangazo wa kiwanda cha saruji hadi nikaujua kwa kichwa. Mchezo wa pili hivyo hivyo. Kuupa mgongo mchezo ni kazi ngumu, kaka. Masikio yanageuka yenyewe.

Mchezo wa tatu nilikuwa nimekwisha kutunga. Nilitunga usiku Haruyo alipokuwa analia, ni wimbo mfupi, rahisi kuushika. Nakahodo aliposhika rungu mara ya pili, niligeuka nikautazama uwanja na nikapuliza.

"Sumie!" Hirakawa akasema. "Umelewa?"

Nikaendelea.

"Mwanamke huyu kaingiwa na nini? Mama, kaa chini!"

"Kamtungia mwuza mananasi wimbo!"

"Mvueni koti la kikosi!"

Nilivua mwenyewe, nikalikunja, nikaliweka kwenye kiti cha Hirakawa, nikapuliza tena kuanzia mwanzo. Hakuna aliyejiunga nami, usidhani. Upande wa wageni walinipigia makofi, na hayo yaliniuma kuliko matusi. Nakahodo alitoka kwenye mstari, akatazama jukwaani kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine. Mwamuzi akamrudisha. Akapiga mpira mbele ya miguu yake mwenyewe, akatolewa kabla hajafika popote.

Baadaye mgeni mmoja, mkimbiaji kweli, alijaribu kuiba kituo cha pili. Nakahodo alimnasa akiwa magotini, kama ulivyosema. Mpira haukupanda juu ya kichwa cha mtu, ulikwenda kama uzi uliovutwa. Migongo yote elfu mbili ilisikia ule mlio kwenye glavu, na mingi ikageuka. Hirakawa alipiga makofi mara moja, akakumbuka, akaficha mikono kwapani.

Hayo hayakusaidia. Kesho yake asubuhi mwenye timu alimfukuza Todoroki. Gazeti lilichapa picha ya migongo. Kwenye mkutano na waandishi Todoroki akainama, akasema yale maneno ya droo ya mpanga herufi wenu. Isomura aliulizwa kwa simu, akasema anaitakia timu yake ya zamani kila la heri. Sijui alikuwa na sura gani. Huenda wewe utajua, nawe hutaniambia, na safari hii sitauliza.

Kikosini sijaitwa tena. Mkahawani wamepungua. Hirakawa mwenyewe bado anakuja, anakula, anaacha pesa chini ya bakuli bila kunitazama.

Juzi mvua ilikuwa kubwa na hapakuwa na mteja. Todoroki akaingia. Nilimjua kwa mabega. Akaketi mwisho wa kaunta, akaagiza tambi na figili ya kuchemsha kwenye kijiti, akala. Nikamwambia, "Bwana kocha, mimi najua." Hakuuliza najua nini. Alisema, "Supu yako nzuri," akaendelea kula.

Nikamwuliza mkewe anaendeleaje. Akasema dawa zinamlaza mapema. Nikamwuliza atafanya nini sasa. Akasema shemeji yake ana shamba la machungwa.

Alipomaliza alisimama, akavaa kofia, akafika mlangoni, akarudi.

"Ule wimbo wa Nakahodo," akasema. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ni wa haraka mno." Akapiga kwa vidole juu ya kaunta yangu. "Yule kijana tatizo lake ni haraka. Anazungusha rungu kabla mpira haujafika. Ukimpulizia mbio vile, unamsukuma. Hapa, sehemu ya tatu, vuta pumzi. Mfanye asubiri. Hivi." Akaurudia kwa vidole polepole, mara mbili, mpaka nilipoitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa. Akatoka kwenye mvua.

Nimekaa na tarumbeta stoo jioni mbili. Ni kweli. Polepole ni mzuri zaidi, na ni mgumu kuupuliza, pumzi inataka kukimbia. Kesho mazoezi ya vuli yanaanza, kocha mpya bado hajatajwa, na uzio wa uwanja upande wa kushoto hauna mlinzi wa kunizuia na tarumbeta yangu. Eiji amesema atabaki na mkahawa hadi saa sita, ila wateja wasitarajie kitu chenye ladha.

Sumie